Upande wa baba

Kazi yangu ni vinyama. Mgonjwa akichukuliwa kipande cha uvimbe kwenye titi, kipande hicho huletwa kwenye maabara ya patholojia ninakofanya kazi hapa Dar es Salaam, na kwa siku mbili tatu hupita mikononi mwangu. Nakiondoa maji, nakizamisha kwenye nta, nakikata vipande vyembamba vya mikroni tatu au nne, navibandika kwenye vioo, navitia rangi. Kusoma kioo ni kazi ya daktari wa patholojia, na yeye ndiye anayesaini majibu. Mgonjwa mwenyewe namjua kwa jina, umri na namba ya faili.

Watu wengi wakisikia habari za utafiti wa jeni na saratani ya matiti huwaza mashine za bei mbaya zilizoko Ulaya na Marekani. Mashine zipo, sikatai. Lakini nikiulizwa mimi mambo hayo yanaanzia wapi, nitasema yanaanzia kwenye chupa. Kinyama kikishatoka mwilini, seli zake huanza kuharibika papo hapo. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa inayokizuia kuoza, ndani ya saa moja. Formalini iwe ya asilimia 10, iwe nyingi kukizidi kinyama kama mara kumi, na kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Masharti haya tumeyabandika ukutani. Sasa njoo uone vinavyoletwa. Nimepokea vinyama ndani ya glovu iliyopigwa fundo. Nimepokea vilivyotiwa kwenye maji ya dripu. Nimepokea titi zima lililokatwa Ijumaa huko mkoani, likatumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, likafika kwetu katikati ya wiki. Formalini hupenya nyama polepole, takriban milimita moja kwa saa. Titi la namna hiyo nje limekakamaa vizuri, ila uvimbe wenyewe ulioko ndani umeshaoza.

Ubaya wake ni kwamba hasara haionekani haraka. Kioo kitatiwa rangi, daktari ataiona saratani na ataiandika. Kinachopotea ni kipimo cha pili, kile cha vipokezi, na hicho ndicho kinachoamua mgonjwa atibiwe kwa dawa gani.

Saratani ya matiti ni magonjwa kadhaa yanayokaa mahali pamoja. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Glasgow, George Beatson, alieleza jinsi alivyomtoa ovari mwanamke mwenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, na uvimbe ukanywea. Sababu hakuijua. Wakati huo hata neno homoni lilikuwa halijabuniwa. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo Elwood Jensen, huko Chicago, akaonyesha kwamba baadhi ya seli zina protini inayoidaka estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni ikishadakwa huwasha jeni zinazoiamrisha seli ijigawe. Hicho ndicho kipokezi cha estrojeni. Tamoksifeni, kidonge ambacho wanawake wengi wanakimeza leo, hufanya kazi kwa kukikalia kipokezi hicho estrojeni isipate nafasi. Kiwanda kilichokitengeneza Uingereza miaka ya 1960 kilikuwa kinatafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo kilishindwa kabisa.

Halafu kuna HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake, California, walionyesha kwamba katika uvimbe wa baadhi ya wanawake jeni hiyo imejinakili mara nyingi kupita kiasi, na wanawake hao ugonjwa ulikuwa ukiwarudia mapema na kuwaua mapema. Kabla ya hapo kuwa na HER2 nyingi isingekuwa habari ya kumwambia mgonjwa, kwani hapakuwa na la kufanya. Mwaka 1998 ikaruhusiwa Marekani dawa iitwayo trastuzumabu, kingamwili inayoishika protini ya HER2 juu ya utando wa seli, na tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wale ambao uvimbe wao hauna kipokezi cha estrojeni, hauna cha projesteroni wala HER2 nyingi, tunawaita hasi tatu. Kwao dawa kuu kwa muda mrefu imekuwa ile ya dripu, inayoua seli nzima na mbovu bila kuchagua sana.

Kwa hiyo nikiwa natia kingamwili kwenye kioo, nasubiri rangi ya kahawia. Ikitokea kwenye viini vya seli, hata asilimia moja tu ya viini, mgonjwa ana kipokezi na anastahili kupewa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu. Kinyama kilichooza hakitoi kahawia. Kipokezi kilikuwepo, kimekufia kwenye glovu. Na karatasi inayotoka itasema hana.

Lililonishangaza zaidi ni kugundua kwamba kosa hilo la chupa limewahi kuingia mpaka kwenye sayansi yenyewe. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Mwafrika kwa kawaida hana vipokezi. Mwaka 2014 yakachapishwa mapitio ya tafiti nyingi za Afrika, na yakaonyesha kwamba tafiti zilizotumia bloku za nta za zamani, zenye vinyama vilivyolala kabatini, zilipata vipokezi vichache kuliko zile zilizokusanya vinyama vipya kwa utaratibu uliopangwa. Sehemu ya "tofauti ya Waafrika" ilikuwa ni formalini. Tofauti za kweli nazo zipo, lakini haziko pale zilipodhaniwa. Watafiti waliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia walikuta hasi tatu ni karibu 53 katika kila 100 kwa Ghana, na 15 tu katika kila 100 kwa Ethiopia, idadi iliyolingana na ya wanawake wazungu wa Marekani. Nani basi ndiye Mwafrika hapo? Bara hili lina watu wa asili nyingi mno kuingizwa kwenye fungu moja, na mtu akianza sentensi na "kwa Waafrika" siku hizi huwa namuuliza wa wapi.

Hapo ndipo elimu yangu ilipokuwa inaishia, kwenye uvimbe. Ya damu, yale ambayo mtu huzaliwa nayo, niliyasoma chuoni nikafanyia mtihani. Kisha ukoo wetu ukapata barua.

Binti wa shangazi yangu anaishi Leicester, Uingereza, na mumewe. Aligundulika na saratani ya matiti akiwa na miaka 37. Kwa umri huo, na kwa kuwa mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa uleule, wakampima jeni. Wakakuta badiliko kwenye jeni iitwayo BRCA2, lile la aina ambayo tayari inafahamika kuwa ni mbaya. Kliniki ikampa barua ya kuwapelekea ndugu zake wa damu: semeni na daktari wenu, nanyi mnaweza kupimwa. Akaipiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ikaangukia katikati ya michango ya msiba na picha za maua za asubuhi njema. Wa kwanza kujibu alituma mikono ya dua. Wa pili akauliza mchango ni shilingi ngapi.

Baba akanipigia jioni. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, yuko Muheza.

"Mwanangu, wewe ndiye wa maabara. Hii barua inasema mimi mgonjwa?"

"Hapana, baba. Inasema huenda unacho alichonacho dada."

"Titi?"

Nikamwambia nitakuja nyumbani.

Niliona afadhali nisianze na maelezo. Nilianza na kalamu. Wanaofanya kazi hii ya urithi huchora ukoo kwa alama: mwanamume mraba, mwanamke duara, aliyeugua anajazwa wino, aliyekufa anapigwa mstari. Baba alipenda jambo hilo, lilimrudisha ubaoni. Tukachora babu na bibi, kisha watoto wao, na kila mtu nikamuuliza yaleyale: ni wa tumbo moja na wewe, baba mmoja? Yu hai? Aliugua nini, na ugonjwa ulianzia wapi mwilini? Alikuwa na umri gani alipougua? Swali la umri ndilo linalosumbua nyumbani kwetu. Baba alikuwa anahesabu kwa matukio. Shangazi aliugua wakati mtoto wake wa mwisho bado ananyonya, mwaka ule wa mvua zilizobomoa daraja, kwa hiyo alikuwa na miaka 40 au 41. Nyumbani ilisemwa ni maziwa yaliyoganda titini. Wapo waliosema mengine, na waliosema hayo wengi bado wako hai, kwa hiyo nayaacha.

Dada yake bibi alikufa kwa tumbo. Tumbo lipi? Lilijaa maji, akakonda mikono na uso, tumbo likawa la mjamzito. Inawezekana ilikuwa ovari, inawezekana ilikuwa ini. Tukaweka alama ya kuuliza. Ukoo wowote wa kwetu ukichorwa utajaa alama hizo, na mtafiti anayezipuuza kwa kuwa hazina cheti cha hospitali atabaki na karatasi tupu.

Tukafika kwa baba mdogo, aliyekuwa Songea. Baba akasema, "Huyu hana la kusema, yeye alikuwa na tezi dume tu."

Alikuwa na umri gani?

"Hamsini na nne. Haikuchukua muda, ilimla mifupa."

Nikaujaza ule mraba wino. Baba akautazama, akatazama duara la dada yake lililokuwa kando yake, limejazwa pia. Wadogo zake wawili, wa tumbo moja, wamelala makaburi tofauti kwa magonjwa ambayo miaka yote hiyo tuliyahesabu mawili. Shangazi alikuwa na ugonjwa wa wanawake, baba mdogo ugonjwa wa wazee. Hakuna aliyewahi kuyaweka kwenye karatasi moja.

Anayebeba badiliko la BRCA2 hayuko hatarini kwenye titi peke yake. Ipo ovari, ipo kongosho, na kwa wanaume ipo tezi dume, ambayo kwa watu hawa huja mapema na kwa ukali. Wapo pia wanaume wanaopata saratani ya matiti yenyewe. Na jeni hii haiko kwenye kromosomu za jinsia. Iko kwenye kromosomu ya 13, ambayo kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwanamume anaweza kubeba nakala mbovu maisha yake yote, asiugue hata mafua ya maana, na kila mwanawe akawa na nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Fomu nyingi ninazoziona kazini huuliza kama mama au dada aliwahi kuugua titi. Mwanamke ambaye shangazi zake watatu wamekufa kwa titi ataandikiwa hapana, na karatasi itaendelea na safari yake.

Jambo la ukoo kuugua limeonekana siku nyingi. Paul Broca, daktari wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1866 orodha ya saratani katika ukoo wa mke wake, kizazi baada ya kizazi. Ila kuona si kuthibitisha. Hata miaka ya 1970 wataalamu wengi hawakuamini kwamba ugonjwa wa kawaida namna hii unaweza kutokana na jeni moja. Mary-Claire King, huko California, alishikilia swali hilo kuanzia 1974. Hakuwa na ramani ya jeni kama iliyopo leo. Alichokuwa nacho ni koo: nani ameugua, nani hajaugua, na damu zao. Koo 23 zikichanganywa pamoja hazikuonyesha kitu. Zilipopangwa kwa umri wa kuugua, wale walioanza wakiwa vijana mbele, zile za mwanzo zote zikaelekeza mahali pamoja kwenye kromosomu ya 17. Mwaka ulikuwa 1990. Niliposoma hilo nilimkumbuka baba na daraja lake lililobomoka. Swali la umri, ambalo sisi tunalijaza kwa kukisia ili fomu iishe, ndilo lililofungua mlango.

Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana 1994 na kikundi cha Mark Skolnick huko Utah. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ikaipatia hataza, yaani haki ya kuimiliki peke yake, na kwa miaka mingi mwanamke wa Marekani aliyetaka kupimwa alikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga, kwa bei ya mwenye mlango. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikata shauri Juni 2013, majaji wote kwa kauli moja: DNA jinsi ilivyo mwilini ni kitu cha maumbile, haimilikiwi. Bei zikaanza kuporomoka. 

BRCA2 ina kisa chake, na ndicho nilichomsimulia baba kwa kirefu kwa sababu kinahusu wanaume. Michael Stratton na wenzake, Uingereza, walikuwa na koo ambazo wanaume wake wameugua saratani ya matiti. Walipozipima, hazikuelekea kwenye kromosomu ya 17. Basi lazima iwepo jeni nyingine. Mwaka 1994 wakaipata mahali pake, kromosomu ya 13, na 1995 wakaipata yenyewe. Wanaume ambao pengine walificha ugonjwa wao kwa aibu ndio waliowaonyesha wataalamu kwamba wanachotafuta hakijaisha.

Baba alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hata daktari wa zamu angepata taabu kulijibu: "Kama ninayo tangu kuzaliwa, mbona sijaugua?"

Nikamweleza kwa mafundi. DNA ya kila seli hukatika kila siku, kwa kazi za kawaida za mwili tu. Chukulia ni nguo, na seli ina mafundi cherehani wawili. Mmoja anaziba pale ulipokatika uzi mmoja. Huyo ni PARP. Mwingine anashughulikia nguo iliyochanika kabisa, pande mbili zimeachana. Hapo ndipo BRCA1 na BRCA2 wanapofanya kazi, wakifuata nakala nzima iliyo kando ili kushona sawasawa na ilivyokuwa. Aliyerithi badiliko ana nakala moja mbovu ya BRCA2 na moja nzima, na ile nzima inatosha. Mpaka siku seli fulani, titini au kwenye tezi dume, inapoipoteza na hiyo nzima. Kuanzia hapo michaniko inashonwa ovyo, herufi zinapotea, na kati ya makosa hayo mengi, moja litaangukia kwenye jeni inayozuia seli kujigawa. Wengine seli hiyo haitokei maishani mwao. Titi la mwanamke, lenye seli nyingi zinazojigawa kwa amri ya homoni kila mwezi, lina nafasi nyingi zaidi za jambo hilo kutokea kuliko kifua cha mwanamume.

Mafundi haohao wameleta dawa. Mwaka 2005 vikundi viwili vya watafiti Uingereza vilionyesha kwamba ukimzuia PARP kwenye seli ambayo BRCA haipo tena, seli hiyo inakufa, kwa kuwa imebaki bila fundi yeyote. Seli nyingine za mwili bado zina nakala yao nzima, zinastahimili. Olaparibu, dawa ya kundi hilo, iliruhusiwa Marekani kwa saratani ya matiti yenye BRCA mbovu mwanzoni mwa 2018. Dada wa Leicester ameelezwa habari zake. Kwetu bei yake hata sikumtajia baba.

Kwa hesabu, mwalimu alitaka namba, nikampa. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba mwanamke mwenye BRCA1 mbovu ana uwezekano wa asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80, na mwenye BRCA2 asilimia 69. Kwa ovari ni 44 na 17. Akaziandika pembeni ya mchoro, akapiga mstari chini yake kama anavyofanya kwenye jibu la mwisho.

Hapa nisimame kidogo kwa msomaji ambaye mama yake au dada yake ameugua na sasa hana usingizi. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi hivi. Zinazotokana na jeni moja yenye nguvu ya kurithiwa ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Nyingine huanza kwa mabadiliko yanayotokea ndani ya titi lenyewe maishani, kwenye jeni kama PIK3CA na TP53, na hayo mtoto harithi. Dalili za kuuliza zaidi ni ugonjwa kuja kabla ya miaka 50, matiti yote mawili, ovari ndani ya ukoo huohuo, mwanamume kuugua titi, au wagonjwa kadhaa upande mmoja.

Ila namba hizo za 5 hadi 10 zilihesabiwa zaidi kwa wazungu. Funmi Olopade, daktari mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi Chicago, akishirikiana na wenzake wa Ibadan na Mary-Claire King yuleyule, walipima wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti. Matokeo ya 2018: karibu 15 katika kila 100 walikuwa na badiliko baya la kurithi, wengi wao kwenye BRCA1 na BRCA2, huku kwa wanawake wasio wagonjwa wakiwa chini ya wawili katika 100. Baadaye wagonjwa wa Uganda na Kameruni wakapimwa, na hali ikawa ya kukaribiana na hiyo. Kwa hiyo kurithi si habari ya watu wa mbali.

Kuna kikwazo kingine ambacho nimekiona kazini. Mwenzangu mmoja, ambaye dada yake aliugua, alijilipia kipimo cha jeni nyingi kwa pamoja. Majibu yakaja: kuna badiliko, maana yake haijulikani. Si zuri, si baya. Alikuja nalo kwangu nimwambie ni lipi kati ya hayo mawili, na hakuna mtu duniani angeweza kumwambia siku ile. Maabara hulinganisha herufi zako na za watu waliokwisha kupimwa, na waliokwisha kupimwa wengi ni wa asili ya Ulaya. Badiliko ambalo kwetu huenda ni la kawaida tangu enzi za mababu, kwao linaonekana geni. Jibu la namna hiyo halipaswi kumkatisha mtu titi wala ovari. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyelipa akiba yake yote ili apate uhakika.

Sisi tulikuwa na bahati ya aina yake. Kwa kuwa badiliko la dada linajulikana, haikuhitajika kusoma jeni nzima. Maabara inatazama mahali hapo tu, badiliko lipo au halipo. Ni rahisi na jibu lake halina utata. Sampuli zikapelekwa nje ya nchi. Alianza baba, kwa sababu asipokuwa na jeni hiyo mbovu, sisi wanawe wote habari imeisha.

Baba anayo.

Nilimpelekea jibu mwenyewe. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?" Nikamwambia naye alipewa. Akasema anajua, nusu kwa nusu, alishapiga hesabu. Na hesabu haikumsaidia. Tangu hapo anapimwa damu ya tezi dume kila mwaka, jambo ambalo alikuwa amelikwepa tangu astaafu.

Mimi sina. Kwa hiyo wanangu nao hawawezi kuipata kupitia kwangu. Haifichiki kizazi kimoja ikaibukia kingine. Mdogo wangu wa kike anayo. Ana miaka 33 na mtoto mmoja. Alishauriwa picha za matiti kila mwaka, ikiwezekana na MRI, ambayo analipa mwenyewe anapoweza, na ovari zitolewe akishamaliza kuzaa, kati ya miaka 40 na 45. Wakati daktari anaeleza, alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Nje akaniambia, "Huyu anapanga uzazi wangu kwa kalenda." Kisha akacheka, na kliniki anahudhuria.

Kaka yetu hataki kupima. Anasema yeye ni mwanamume na hana cha kutafuta, ingawa mchoro wa baba ameuona, na mraba wa baba mdogo ameuona pale umejazwa wino. Ni haki yake. Kipimo hiki halazimishwi mtu. Shida ni kwamba ana mabinti, na mkubwa wao, mwenye miaka 20, amenitafuta mwenyewe. Anasoma chuo, amesoma barua ya Leicester neno kwa neno, anataka kupima bila baba yake kujua. Kwa umri ni mtu mzima, anaruhusiwa. Lakini akikutwa nayo, atakuwa amempima na baba yake bila ridhaa yake, maana haina pengine pa kutokea. Nimemwambia asitoe damu kwanza. Mwezi ujao kaka anakuja Dar kwa shughuli zake, na tumekubaliana yule binti atalisema mwenyewe mbele yake, mimi nikiwepo.